Meza Haikuponya Miguu

Ibada ya pili, Jumapili. Mhubiri: Mchungaji Msaidizi
Somo: 2 Samweli 9:1–13. Soma pia 2 Samweli 4:4, 16:1–4, 19:24–30, 21:7

Mungu ni mwema, na wema wake haujaisha Dagoretti.

Kabla sijaanza, neno moja. Ujumbe huu una habari za kijana wa nyumbani kwangu. Nilimwomba ruhusa. Alisoma karatasi zangu Ijumaa jioni, akakata mistari miwili kwa kalamu nyekundu, akaniambia, "Hizo zingine ni sawa, anko, lakini jina usitaje." Kwa hiyo sitataja. Na wewe unayemjua, tafadhali usimwendee baada ya ibada ukamwambia pole. Msalimie tu kama kawaida.

Dada yangu alipolala, alituachia mtoto wa miaka tisa. Baba yake hatukuwahi kumjua. Mimi na mke wangu hatukukaa kikao kirefu. Tulimleta nyumbani na mfuko mmoja wa nguo na blanketi, tukamwonyesha kitanda chake, tukaomba. Watu wakasema, "Pastor, Mungu atawabariki." Nikasema ameni. Nilifikiri kazi kubwa imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Miaka ya kwanza alikuwa mtoto ambaye kila mzazi anamtaka. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Hachagui chakula. Ukimwongeza anasema ameshiba. Wageni walikuwa wakitoka wakisema, "Huyu mtoto ana adabu!" Na mimi nilikuwa nafurahi, nafikiri ni malezi yetu. Sikujiuliza mtoto wa miaka tisa aliyezika mama yake juzi anawezaje kuwa hana neno hata moja la kulalamika.

Alipofika miaka kumi na nne mambo yakageuka. Mkate ukaanza kupotea jikoni, tukaupata chini ya godoro umeota ukungu. Akaanza kuchelewa kurudi. Uongo mdogo mdogo, hata kwa jambo ambalo ukweli haungemgharimu chochote. Kisha shule ikanipigia simu: amepatikana na simu, aje nyumbani wiki mbili. Siku hiyo, wapendwa, nilisema neno ambalo nimelitubia mbele za Mungu na sasa nalitubia mbele yenu. Nilimwambia, "Unajua wewe nimetumia pesa ngapi kwako?"

Hakujibu. Aliangalia chini akaingia chumbani.

Siku tatu baadaye mke wangu alikuwa akibadilisha shuka, akakuta daftari. Lile la kurasa themanini, la mistari. Ndani yake, kwa mwandiko mzuri, kuanzia alipokuwa na miaka kumi: Mkate, 50. Viatu vya shule, 1,900. Hospitali, dawa ya kifua, 1,200. Nauli. Karo muhula wa kwanza. Keki ya siku ya kuzaliwa, 800. Ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho kabisa amejumlisha: 214,350. Chini yake ameandika, "Nitalipa nikipata kazi."

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Najua kusoma hesabu. Nilikaa kitandani mwake nikaikagua ile hesabu, na sikuona kosa. Ilikuwa sawa. Hapo ndipo nililia.

Kumbe kwa miaka mitano mtoto huyu hakuwa akiishi kwetu. Alikuwa akikopa kwetu.

Hebu tufungue Neno.

MFALME ANATAFUTA MTU

Daudi ameketi kwenye kiti cha enzi, vita vimepungua, anauliza: kuna mtu yeyote aliyebaki wa nyumba ya Sauli nimtendee wema kwa ajili ya Yonathani? Wanamwambia yuko mmoja, mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu yote miwili, anakaa Lo-debari nyumbani kwa mtu anayeitwa Makiri. Daudi anatuma aletwe. Anamrudishia shamba la babu yake, anampa nafasi mezani pake daima kama mmoja wa wana wa mfalme.

Tumezoea kuhubiri hii sura kama mwisho mzuri. Mtoto ametoka Lo-debari, yuko ikulu, haleluya, tufunge na wimbo. Lakini angalia mstari wa mwisho wa sura hiyo. Mwandishi anatuambia alikula mezani pa mfalme daima, kisha anaongeza jambo ambalo tayari tulikuwa tumeambiwa: alikuwa kiwete miguu yote miwili.

Kwa nini alirudie? Kwa sababu meza haikuponya miguu. Meza ilimpa nafasi, ikampa heshima, ikampa chakula. Miguu ilibaki vile vile. Kila siku alipokuja kula, alikuja akichechemea. Na Daudi hakumwambia, "Sasa umekaa hapa miaka miwili, mbona bado unachechemea?"

Sisi ndio tunasema hivyo. Tunamchukua mtoto, tunampa kitanda na shule nzuri, kisha tunashangaa kwamba bado ana hasira, bado anaficha mkate, bado anaamka usiku. Tunasema hana shukrani. Nani alikuambia shukrani ni dawa ya miguu iliyovunjika?

1. ANAKUJA NA ANGUKO LAKE

Rudi nyuma, 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari zilipofika kwamba Sauli na Yonathani wameuawa. Mlezi wake akamchukua akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka.

Sikiza vizuri. Aliyemwangusha hakuwa adui. Alikuwa mtu aliyempenda, aliyetaka kumwokoa. Siku moja mtoto huyu alipoteza baba, babu, nyumba na miguu.

Watoto wengi tunaowalea wameanguka hivyo. Mama alikufa, hakutaka kufa. Shosho alimchukua, kisha shosho akazeeka. Akapelekwa kwa mjomba Kangemi, kisha kwa shangazi mashambani, kisha nyumba ya watoto, kisha kwako. Kila aliyembeba alikuwa na nia nzuri, na kila mara mtoto aliangushwa. Sasa wewe ni wa tano, na unamwambia, "Mimi sitakuacha." Ameshasikia hayo maneno mara nne.

Ndiyo maana kijana anakupima. Anachelewa kurudi aone kama utafunga mlango. Anasema neno baya aone kama utamrudisha alikotoka. Kwako ni utovu wa nidhamu. Kwake ni swali, "Na wewe utaniangusha lini?" Simaanishi uache kumwonya. Mtoto asiyeonywa anajua pia kwamba hajaliwi. Lakini mwonye kama mtoto wa nyumba, si kama mpangaji anayetishiwa notisi. Neno "nitakurudisha" liondoe kabisa kwenye kinywa chako. Hata kwa mzaha.

Na kwa nini haya yanatoka akiwa na miaka kumi na nne, si tisa? Kwa sababu mtoto wa tisa anatafuta mahali pa kulala. Wa kumi na nne anauliza, "Mimi ni nani?" Kila kijana huuliza. Lakini mwingine anaangalia uso wa baba yake mezani akaona pua yake mwenyewe. Huyu wako anaangalia hizo nyuso zote na haoni yake.

Usiku mmoja kijana wetu hakurudi. Nilizunguka Kawangware, nikaenda mpaka stendi, nikapiga simu kwa marafiki zake. Saa nne na nusu usiku tulimpata Kabiria, ameketi kwenye ngazi za ile ploti walikoishi na mama yake. Nikataka kumkaripia. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Leo ni tarehe ngapi?" Ilikuwa tarehe ambayo dada yangu alikufa. Dada yangu mimi! Nilikuwa nimesahau. Mtoto hakuwa amesahau.

Mzazi, jua tarehe za mtoto wako. Siku mama yake alikufa. Siku aliletwa. Krismasi, wakati wenzake wanaenda kwa kina shosho. Na kanisa, tusikilizane hapa: ile Siku ya Akina Mama tuliyowaambia watoto wote wasimame wawapelekee mama zao maua, kuna watoto walibaki wamesimama katikati ya kanisa na ua mkononi. Hatukuwa na nia mbaya. Hata yule mlezi hakuwa nayo.

2. ANAJIITA MBWA MFU

Mefiboshethi alipofika mbele ya mfalme alianguka kifudifudi. Jambo la kwanza Daudi analomwambia ni asiogope. Na yeye anajibu akijifananisha na mbwa mfu, anashangaa mfalme anamwangalia kwa nini.

Hakuna aliyemwita mbwa. Alijiita. Mtoto aliyepoteza wazazi mara nyingi anajitolea hukumu mwenyewe: waliniacha kwa sababu nina kasoro. Hata kama mama alikufa kwa ugonjwa, ndani ya mtoto kuna sauti inamwambia angekuwa mtoto mzuri zaidi, mama angebaki. Ukimwuliza hatakuambia. Lakini utaiona.

Wengine utaiona katika vurugu. Wengine utaiona katika uzuri uliopita kiasi. Na hapa nataka wazazi mnisikie, maana mimi ndipo nilipofeli. Mtoto anayetaka kutupwa nje anakusumbua. Mtoto anayeogopa kutupwa nje anaosha vyombo. Wote wawili wana hofu moja. Ukiwa na mtoto asiyekukosea kamwe, asiyeomba kitu, asiyekasirika, usiringe mbele ya wageni. Kaa naye. Huenda ana daftari.

Nilimwambia mke wangu, "Naenda kulichana hili daftari mbele yake, ajue deni limefutwa." Nilikuwa tayari nina mahubiri kichwani, Wakolosai 2:14, hati ya deni imegongomewa msalabani! Mke wangu akaniambia, "Hilo si lako. Lirudishe ulipolitoa. Kisha umwombe msamaha." Wababa, wakati mwingine Roho Mtakatifu anaongea kwa sauti ya mke wako.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Siku ile nilikuhesabia pesa. Nilikosea. Wewe si deni." Ningependa kuwaambia tulikumbatiana tukalia. Hapana. Alisema, "Sawa, anko," akaenda kulala. Meza haiponyi miguu kwa siku moja.

Wale mnaofanya biashara mnanielewa. Kuna mkopo na kuna mtaji. Mkopo unauliza, "Utarudi lini na faida gani?" Lakini mtoto si mkopo wala si mtaji. Kwenye vitabu vya Mungu hakuna safu ya kumwandika. Waefeso 1:5 inatuambia Mungu alituchagua tangu mwanzo tufanywe wanawe kwa Yesu Kristo, kwa sababu ilimpendeza. Haikuwa kwa sababu tungemlipa. Kila mmoja wetu hapa ni mtoto aliyechukuliwa. Warumi 8:15 inasema hatukupokea roho ya kutufanya watumwa tuogope tena, tulipokea Roho wa kufanywa wana. Na bado, ukweli ni kwamba wengi wetu tunamtumikia Mungu na daftari chini ya godoro. Nimeomba saa ngapi, nimetoa kiasi gani, nimefunga siku ngapi. Kama wewe mtu mzima umeokoka miaka ishirini na bado huamini kwamba umekubaliwa bure, utamshangaa vipi mtoto wa miaka kumi na nne?

3. USIFICHE ALIKOTOKA

Daudi hakumwambia Mefiboshethi, "Sahau ya Sauli, sasa wewe ni wa kwangu." Sauli alikuwa amemwinda Daudi amuue! Lakini mbele ya kijana, Daudi alitaja jina la Yonathani kwa heshima, na akamrudishia shamba la babu yake. Alimpa meza mpya bila kumnyang'anya ukoo wa zamani.

Hapa kwetu tunaficha. Kuna familia zinahama mtaa ili majirani wasijue mtoto aliasiliwa. Wengine wanamwambia mtoto hadithi moja na ukoo unajua nyingine. Siri hii ina miguu. Atajua kwa binamu wakati wa Krismasi, au kwa jirani aliyekasirika, au siku anatafuta cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe kwa mtihani. Na siku hiyo hatalia kwa sababu aliasiliwa. Atalia kwa sababu mlimdanganya.

Kuna mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902. Mama yake aliolewa na daktari wa watoto, na mtoto akaambiwa kwamba huyo ndiye baba yake mzazi. Haikuwa kweli. Alikua mrefu, nywele za dhahabu, kwenye nyumba ya Wayahudi ambako hakufanana na mtu, na watoto wenzake wakamcheka pande zote mbili. Mtu huyu alikuja kutumia maisha yake kuandika juu ya kijana anayejitafuta yeye ni nani. Baba yake mzazi hakuwahi kumjua mpaka anakufa.

Sasa linganisha na Steve Jobs, ambaye wale wa biashara tulisoma habari zake mpaka tukachoka. Alizaliwa 1955, akaasiliwa na Paul na Clara Jobs, na walimwambia ukweli mapema. Akiwa bado mdogo, msichana wa jirani alimwuliza kama maana yake ni kwamba wazazi wake wa kweli hawakumtaka. Akakimbilia nyumbani akilia. Wazazi wake wakamketisha, wakamweleza taratibu, tena na tena, kwamba walimchagua yeye hasa. Alikua akiwataja hao kuwa ndio wazazi wake, bila ya neno lingine. Lakini usidhani miguu ilipona yote. Akiwa na miaka ishirini na tatu alipata binti, na kwa muda akamkana. Mtu aliyeachwa akaacha. Ukweli unaosemwa kwa upendo haufuti jeraha lote. Unampa mtoto mahali pa kusimama tu. Hilo si jambo dogo.

Basi mwambie mapema, kwa maneno ya umri wake, na rudia anavyokua. Usimseme vibaya mama yake mzazi, hata kama alimwacha hospitalini. Kama una picha, mpe. Kama unajua jina, mtajie. Akiuliza, "Mama yangu ni nani?" usiseme, "Kwani mimi ni nani?" Hajakukataa. Anatafuta shamba la babu yake.

4. JIHADHARI NA SIBA

Siba alikuwa mtumishi wa nyumba ya Sauli. Sura ya 16, Daudi anamkimbia Absalomu, Siba anakuja na punda waliobeba mikate na matunda. Daudi anamwuliza, yuko wapi mwana wa bwana wako? Siba anasema amebaki Yerusalemu, anangojea arudishiwe ufalme wa babu yake. Daudi hakuuliza shahidi wa pili. Papo hapo akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi.

Daudi anaporudi, sura ya 19, anakuta Mefiboshethi hakuwa ameosha miguu wala kukata ndevu wala kufua nguo tangu mfalme alipoondoka. Alikuwa kwenye maombolezo. Kijana anasema aliachwa nyuma kwa hila kwa sababu ni kiwete. Na anapoambiwa agawane shamba na Siba, anasema Siba achukue yote, mradi mfalme amerudi salama.

Angalia jambo hili. Aliyempindua Daudi alikuwa Absalomu, mtoto wa damu yake. Aliyeshukiwa ni yule wa kuletwa. Tunapenda kusema damu ni nzito kuliko maji. Kwenye nyumba ya Daudi damu ndiyo iliyomfukuza, na yule wa mezani ndiye aliyekaa bila kuoga akimngoja.

Siba wako ni nani? Ni yule ndugu anayesema, "Huyo mtoto mnamlea na hata hamjui damu yake." Ni yule anayenong'ona kuhusu urithi. Ni yule mama wa kanisa, nisamehe, anayesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akimwangalia mama aliyeasili. Pesa ikipotea nyumbani, macho yanamwendea nani kwanza? Kabla ya kumshuku, chunguza kama ungechunguza kwa yule uliyemzaa. Daudi alikuwa mtu aliyeupendeza moyo wa Mungu, na bado alimwamini Siba kwa sababu alileta mikate.

5. AGANO NDILO LINASHIKA

Sura ya 21 ni ngumu. Kuna njaa, na Wagibeoni wanadai watu saba wa ukoo wa Sauli wauawe. Mstari wa 7 unasema mfalme akamwachilia Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kwa ajili ya kiapo cha Bwana kilichokuwa kati ya Daudi na Yonathani. Siku ile mbaya, kilichomwokoa si tabia yake. Si kwamba Daudi aliamka na furaha. Ni agano.

Hisia zitakuja na kwenda. Kuna siku utampenda sana, na kuna siku utafunga mlango wa choo ulie. Nyumba inashikwa na agano. Na agano lina maandishi.

Nchi yetu ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Ukimwasili mtoto kwa amri ya Mahakama Kuu, anakuwa mtoto wako kabisa, na haki zote, urithi ukiwemo, kana kwamba ulimzaa. Mambo haya hupitia shirika la kuasili lililosajiliwa, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo itakuelekeza pa kuanzia. Usichukue mtoto kienyeji kwa kupatana mlangoni; ni hatari kwake na kwako. Wengi hapa mnalea watoto wa ndugu zenu, kama familia nyingi zilivyofanya tangu miaka ile ukimwi ulipotumaliza, mpaka Rais Moi akautangaza janga la kitaifa mwaka 1999. Mlifanya vizuri. Lakini wengi, kama mimi, hamkuandika chochote. Ukiondoka kesho, huyo mtoto atasimama wapi mbele ya ukoo? Uliza. Tafuta ushauri. Andika.

Tulipoamua kuanza utaratibu huo, tulimwuliza yeye kwanza. Mtoto ana haki ya kusikizwa, na huyu ana akili kuliko mimi. Alisema, "Nitafikiria." Alifikiria wiki tatu! Kisha akaja jikoni akauliza jambo moja: "Jina la mama litabaki?" Tukamwambia litabaki. Akasema, "Basi sawa."

Na kanisa, sikieni. Serikali ilianza mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia. Familia hizo ni nani kama si sisi? Tumezoea kwenda makao ya watoto na unga, sukari, sabuni na kamera. Tunapiga picha tunarudi. Na wale wanaotaka kuasili wanaomba mtoto mchanga. Wa kumi na mbili, wa kumi na nne anabaki dirishani. Siwaambii kila mtu achukue. Si kila nyumba inaweza, na kuchukua kwa hisia za ibada ni njia moja ya kumwangusha mtoto tena. Lakini mkumbukeni Makiri wa Lo-debari. Hakuwa mfalme. Alimhifadhi kiwete kabla Daudi hajamkumbuka. Na 2 Samweli 17:27, Daudi mwenyewe alipokuwa mkimbizi jangwani, ni nani aliyemletea vitanda, vyombo na chakula? Makiri yule yule.

WIKI HII

Kama una mtoto uliyemchukua, jua tarehe moja muhimu kwake na uiandike. Kama kuna neno ulimsemea kwa hasira, mwombe msamaha bila kuongeza "lakini". Kama ana usiku usio na usingizi, anajiumiza, au anazungumza juu ya kufa, usiishie kwenye maombi peke yake. Omba, na umpeleke kwa daktari au mshauri. Kuna simu ya watoto ya bure, namba 116, mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kama wewe ni jirani au ndugu, mwalike huyo kijana kwako kama unavyowaalika wengine, na usiulize habari za mama yake mbele za watu.

Na wewe kijana unayesoma hili karatasi, uliyechukuliwa na watu ambao pua zao si kama yako. Kuuliza ulikotoka si dhambi. Kukasirika si dhambi. Huhitaji kuwa mzuri ili ukae. Kama una daftari, si lazima ulichane leo. Lakini acha kuongeza kurasa.

Mtaniuliza, sasa mambo yako vipi nyumbani? Bado ananiita anko. Kuna wiki nzuri na kuna wiki ambayo natamani kurudi kuhubiri juu ya mambo rahisi kama ufunuo. Daftari bado liko. Lakini Jumatano iliyopita tulipika chapati. Alikula mbili. Kisha, bila kuniangalia usoni, akanyosha mkono akachukua ya tatu. Hakuomba. Alichukua tu. Nilifungua mdomo nimshangilie, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza. Nikamsogezea supu.

TUOMBE

Baba, wewe ulituchukua tukiwa wageni ukatuita wana. Tusamehe pale tulipohesabu. Wakumbuke watoto walioanguka mikononi mwa watu waliowapenda. Tupe mikono isiyochoka, vinywa vinavyosema kweli, na masikio yasiyomsikiliza Siba. Wape wazazi hawa neema ya kesho asubuhi. Na yule kijana aliyeketi kwenye ngazi za zamani usiku huu, mtume mtu amfuate. Kwa jina la Yesu Kristo. Ameni.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini mwandishi alirudia kutaja miguu ya Mefiboshethi mwishoni mwa sura ya 9?
2. Ni wapi katika maisha yako bado unaishi na Mungu kama mdeni, si kama mtoto?
3. Ni mambo gani katika kanisa letu yanaweza kumwumiza mtoto asiye na wazazi wake, bila sisi kujua? Andikeni moja, mlilete kwa wazee wa kanisa kabla ya Jumapili.